UCHAMBUZI: Ndovu wa Tsavo wamehesabiwa, hasara ya mkulima je?

SIMU ya mkononi ilianza kuwa silaha ya wanaharakati wa Kenya mnamo Januari 2008, Ory Okolloh na wenzake walipobuni Ushahidi, ramani ya intaneti iliyokusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi kutoka kwa wananchi. Jina ni la Kiswahili. Zana nyingi zilizofuata, kwa bahati mbaya, zimezungumza Kiingereza.

Mwaka 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha walisambaza nambari za simu za wabunge na kuunda programu za kufafanua vifungu vyake. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia saini.

Mwaka 2025 Rose Njeri alikamatwa kwa kuunda tovuti iliyowawezesha raia kutuma pingamizi zao Bungeni kwa barua pepe. Alishtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, na Juni 20 mahakama ikayatupilia mbali mashtaka. Ikumbukwe kwamba Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lenyewe liwashirikishe wananchi.

Je, hayo yanamhusu nini mkazi wa Kaloleni, wadi ya eneobunge la Voi? Yanamhusu sana. Voi imepakana na Tsavo Mashariki, na Serikali huhesabu ndovu wa Tsavo kwa ndege. Mahindi yaliyokanyagwa usiku hayana ndege ya kuyahesabu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa, na hasara ya mimea pia ina fidia. Lakini dai hupitia kamati ya kaunti kabla ya kufika wizarani, na mkulima mmoja mwenye faili moja ni rahisi kumwambia arudi mwezi ujao.

Orodha ya kijiji kizima ni jambo jingine: tarehe, picha ya shamba, nambari ya faili. Kwa orodha hiyo, wakazi wanaweza kutumia Sheria ya Upataji Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 kujibu, na kuuliza kila dai limekwama wapi. Hakuna haja ya programu ghali; kundi la WhatsApp na karani mwaminifu vinatosha. Karani huyo atashika majina, nambari za simu na hasara za jirani zake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitawahurumia watakaoacha orodha hiyo iangukie mikononi mwa wanasiasa wanaosaka kura.