UCHANGANUZI: Waliopoteza viungo Kotile wasipotezwe na umbali

WAHENGA walinena kuwa hujafa hujaumbika. Kwa wakazi wa Kotile, kusini mwa Kaunti ya Garissa, methali hiyo si pambo la lugha. Mamba wa Mto Tana, nyoka wa malishoni, ugonjwa wa kisukari, ajali na vilipuzi vinavyotegwa na magaidi katika barabara za Garissa na Lamu vinaweza kumwondolea mtu mguu au mkono wakati wowote.

Kisheria, mtu huyo hajaachwa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuheshimiwa, kufika mahali pa umma na kupata vifaa vya kumsaidia. Mnamo Mei 2025, Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003.

Hata hivyo, sheria haitembei yenyewe hadi kijijini. Mguu bandia si kiatu cha kununuliwa sokoni. Sharti kigutu kipone, kipimwe, na mwenyewe afunzwe kutembea upya. Mtoto huhitaji mguu mwingine kila anapokua, na wa mtu mzima huchakaa baada ya miaka michache. Kutoka mji wa Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370, na Kotile haiko mjini. Mafuriko yakija, kama yale ya mwishoni mwa 2023, barabara hukatika.

Kwa mfugaji, mguu ndio kazi. Asiyeweza kufuata mifugo hadi kisimani huanza kuwaachia wengine mali, kisha maamuzi, na hatimaye sauti yake barazani. Hivyo ndivyo jeraha la mwili linavyogeuka kuwa jeraha la hadhi.

Huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, jukumu kubwa liliangukia kaunti. Ni nafuu kumpeleka fundi wa viungo bandia Kotile mara chache kwa mwaka kuliko kuwasafirisha wagonjwa mmoja mmoja. Usajili wa watu wenye ulemavu nao ufanyike huko huko, kwani asiyesajiliwa hakumbukwi bajeti inapopangwa.

Uhamasishaji pia uanze kabla ya msumeno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 400,000 kila mwaka hukatwa viungo au kubaki na ulemavu mwingine wa kudumu kutokana na kuumwa na nyoka. Kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha huzuia damu na kunaweza kuua kiungo ambacho kingeokolewa. Machifu, maimamu na walimu wakilisema hilo mara kwa mara, miguu itaokolewa.

Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, huja na hotuba nyingi. Kotile haihitaji nyingine. Inahitaji fundi, daftari la usajili na nafasi barazani kwa aliyefika kwa mkongojo.