Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: machicha yaje na saa yake

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Buswelu, Ilemela. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, chotara wote, na banda lililobanwa na majabali kama mabanda mengi ya Mwanza. Ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, ni za wenye ardhi. Sisi wa mjini tunaokoteza: pumba za mpunga, mashudu ya pamba, majani ya kando ya barabara, na machicha ya bia.

Kwa machicha tuna bahati, maana bia inapikwa hapahapa mjini. Shayiri ikishakamuliwa utamu, protini hubaki kwenye makapi, ndiyo machicha. Yakikauka, protini ni kama robo ya uzito wake. Lakini hatuuziwi makavu. Gunia la kilo 100 lina maji kilo 75 hadi 80. Hilo silalamikii, ng'ombe naye hunywa maji. Nalalamikia muda.

Kiangazi kilichopita dalali mmoja aliniletea magunia mawili kwa guta. "Ya jana hayo, mzee." Nikafungua, nikazamisha mkono hadi kiwiko: ndani kulifukuta kama uji uliofunikwa. Machicha mapya hunukia togwa. Haya yalinukia siki, na pembeni yalikuwa na utando mweupe. Ng'ombe mkubwa alinusa, akapuliza pua, akarudi nyuma. Mdogo, kwa njaa yake, akala. Alihara siku tatu, maziwa yakashuka kutoka lita tisa hadi nne. Dalali alisema ni kupe.

Kwa joto letu machicha mabichi huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu. Yakiota ukungu, yanaweza kubeba sumukuvu, nayo hupita kwa ng'ombe hadi kwenye maziwa, kuyachemsha hakuiondoi. Kwa hiyo anayekunywa chai ya maziwa pale Kirumba naye yumo katika gunia langu.

New York ililijua hili zamani. Mwaka 1858 gazeti la Frank Leslie lilifichua mabanda yaliyojengwa ubavuni mwa viwanda vya pombe kali, ng'ombe wamefungwa humo wakinyweshwa machicha ya moto ya majimaji kutoka viwandani humo, bila majani, wakiugua huku wakikamuliwa, na maziwa yao yakiuzwa kwa watoto. Sisemi machicha ni sumu. Nawalisha wangu na nitaendelea. Kule kilichokosekana ni usafi, majani, na mtu wa kukagua.

Mheshimiwa, Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ipo tangu 2010. Naomba kanuni ndogo chini yake: kila mzigo wa machicha utoke kiwandani na karatasi yenye tarehe na saa, na karatasi hiyo, au nakala yake, ifuatane na gunia hadi kwa mfugaji wa mwisho. Dalali asiye nayo auze kwa anayetengeneza mboji.

Pia wataalamu wa mifugo walioko Mabuki waje kwenye kata zetu kutuonyesha kuyahifadhi: unachanganya na pumba, unashindilia ndani ya pipa hewa itoke, unafunika kwa nailoni na kukandamiza kwa mawe. Mawe, kwa kweli, hatujawahi kukosa. Yakifungwa vizuri hukaa wiki kadhaa, na mwenye ng'ombe wawili anaweza kununua mengi siku yakiwa mapya badala ya kungoja ya jana.

Guta hupita kwangu Jumatatu na Alhamisi. Nataka kuuliza karatasi kabla sijafungua gunia.

Mfugaji wa Buswelu, Mwanza