MAMA NA SAFARI, SEHEMU YA 4: Klachi ya gari ya nyumbani ni mambo yako pia

Tulishaongea kuhusu mkanda wa gari kwa mjamzito. Leo nakuja na jambo ambalo wengi wetu tunawaachia wanaume na fundi wao: klachi.

Najua vijana wetu hapa Tabora wanavyoipenda Altezza, hasa ile RS200 yenye gia 6 za mkono. Ni gari ya spoti, lakini kwa familia changa ndiyo gari ya kila siku. Asubuhi inapeleka watoto shule, mchana iko sokoni, Jumamosi inakwenda Urambo au Sikonge kwa bibi. Uzalishaji wake uliisha mwaka 2005, kwa hiyo nyingi zimeshafika umri wa kudai klachi mpya. Na hapo ndipo baba watoto anaanza kuota klachi ya mashindano.

Maoni yangu ni haya: kama gari inabeba mama na watoto kila siku, wekeni klachi ya kawaida, mpya, ya kiwango cha kiwandani. Hiyo hela ya mbwembwe ina kazi nyingine nyumbani.

Klachi ndiyo inayounganisha injini na gia boksi. Ukikanyaga unaziachanisha, ukiachia zinashikana. Pleti yake inalika taratibu kama soli ya kiatu. Ikifika mwisho utasikia injini inalia juu lakini gari haiongezi mwendo, hasa mkiwa mmejaa au mnapanda mlima. Wakati mwingine kuna harufu ya kuungua. Ukiona hivyo usiseme tutaona mwisho wa mwezi. Mama akitoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya muda wa saa 2 tu. Ambulensi ndiyo ya kwanza kuita, lakini sote tunajua ni mara ngapi usiku inawashwa gari iliyopo uani. Gari yenye klachi inayoteleza inaweza kuwaacha njiani kabla hamjaiona Kitete.

Sasa, klachi ya mashindano ina ubaya gani? Pleti yake huwa na vipande vya seramiki au shaba. Inavumilia joto kali na nguvu kubwa, hilo ni kweli. Lakini inashika ghafla. Hebu fikiria matuta yetu ya barabarani: kila tuta unapunguza gia, unaachia klachi, gari inaruka mbele. Mjamzito wa miezi minane yuko siti ya nyuma, au mtoto amelala. Tena presha pleti yake mara nyingi ni ngumu, na pedeli inakuwa nzito mguuni. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua kwa kawaida anashauriwa kusubiri wiki 6 hivi kabla ya kuendesha, na hata baada ya hapo awe anaweza kukanyaga kwa nguvu bila maumivu. Mkiweka pedeli ya kupigana nayo, gari ya familia inakuwa ya mtu mmoja.

Baba watoto atasema injini yake ina nguvu. Muulize kwa upole: umeiongezea nini? Kama injini ni ile iliyotoka nayo Japani, klachi ya kiwandani ilitengenezwa kuibeba. Kama kweli ameiongezea nguvu, ipo ya katikati: pleti ya kawaida yenye presha pleti iliyoimarishwa kidogo. Hiyo naikubali.

Usikubali pia kubadilisha pleti peke yake kwa sababu ni nafuu. Gharama kubwa ya ufundi iko kwenye kushusha gia boksi. Ikishashuka, badilisheni pleti, presha pleti na beringi ya klachi kwa pamoja. Fundi aangalie flaiwili kama imekwaruzika, na sili kama inavuja oili, maana oili ikiigusa pleti mpya mmepoteza hela. Pleti ya mtumba mimi siitaki: hamjui imelika kiasi gani. Nendeni dukani na namba ya chesisi. Na zile kilomita mia chache za mwanzo endesheni taratibu ili pleti ikae vizuri.

Mwisho, na hili nalisema kama nesi: vumbi. Pleti za zamani, na baadhi ya zile za bei chee, zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake likiingia kifuani linaweza kuleta kansa baada ya miaka mingi, na wapo wake za mafundi waliougua kwa kufua tu nguo za kazi. Kwa hiyo mtoto asikae karibu gari ikifunguliwa. Fundi asipulize vumbi kwa upepo wala kulifagia kavu, alifute kwa kitambaa kibichi. Nguo za gereji zisikung'utwe ndani na zisichanganywe na nepi za mtoto. Mume wako akiwa fundi, soma aya hii mara mbili.

Mji wetu huu ulikua kwa misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kote kwa kubeba mzigo wa kilo 30 hivi, siku baada ya siku, hadi mwisho wa safari. Hawakusifiwa kwa mbio. Gari ya nyumbani nayo tuichagulie klachi hivyo hivyo.

Mwenye swali aandike hapo chini. Sehemu ya 5 tutaongea kuhusu mtoto mchanga na siti ya mbele.