Ufa Mmoja, Dhana Tatu: Kuhusu Istilahi za Bahari na za Ardhi

Katika mijadala ya istilahi hudaiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno ya kisayansi, kana kwamba upungufu huo umeenea sawasawa katika nyanja zote. Maoni yetu ni tofauti. Upungufu hufuata kazi: pale ambapo wasemaji wamelazimika kupima jambo kwa ajili ya riziki yao, lugha imejipatia istilahi, pale ambapo hawakulazimika, neno moja hubebeshwa mizigo mingi. Nyanja mbili zatosha kulionyesha hilo.

Ya kwanza ni nishati ya bahari. Huko Orkney, Uskoti, kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 ambako mitambo ya kuzalisha umeme kwa mawimbi na kwa mikondo ya maji hujaribiwa baharini. Nguvu ya mkondo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi yake: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Kwa hiyo tofauti baina ya bamvua na maji mafu ndiyo inayoamua mtambo utazalisha nini na utahimili nini. Wavuvi na manahodha wa pwani yetu walikwisha kuzipa hali hizo majina kabla mitambo hiyo haijabuniwa. Mwanafunzi wa uhandisi aweza kuieleza tabia ya maji hayo kwa Kiswahili bila kukopa neno.

Ya pili ni elimu ya matetemeko. Hapa neno "ufa" hutumika kwa dhana tatu: mwanya wowote katika ukuta au ardhi, bonde kubwa la Afrika Mashariki, na ule uso ndani ya miamba ambao pande zake mbili zimeteleza na kupishana. Dhana hii ya tatu ndiyo inayohusu chanzo cha tetemeko. Miamba iliyokwama hupindika kwa miaka mingi, kisha huachia ghafla, kama H. F. Reid alivyoeleza mwaka 1910 kutokana na tetemeko la San Francisco la 1906. Mara nyingi uso huo hauna mwanya wa kuonekana.

Madhara ya mchanganyiko huu si ya kinadharia tu. Machi 2018 ardhi ilifunguka karibu na Mai Mahiu, Kenya, ikaikata barabara ya Narok. Ikavumishwa duniani kwamba bara la Afrika linagawanyika, ilhali wanajiolojia kadhaa walieleza kwamba mvua kubwa ilikuwa imeuchukua udongo laini wa majivu ya volkano. Mwandishi wa Kiswahili angeuitaje mwanya huo, na angeuitaje mpasuko wa chini ambao haukuhusika? Yote miwili ni "ufa". Na mkazi wa Kagera, ambako tetemeko la 10 Septemba 2016 liliua watu, akiambiwa habari za ufa atatafuta mwanya. Asipouona, atajidhania yu salama.

Wapo watakaosema kwamba muktadha watosha. Muktadha humfaa anayejua tayari, haumfai anayejifunza. Tunapendekeza "ufa" libaki kwa mwanya, "bonde la ufa" kwa bonde, na dhana ya tatu iitwe "mpasuko wa mtelezo", au jina jingine litakalotaja mwendo badala ya uwazi. Jina hilo na lipingwe na wanaoweza kubuni lililo bora; hali iliyopo haifai kutetewa.