Mkate usio na ngano: bei kubwa, kipande kidogo

Mfanyabiashara wa unga wa muhogo anayetazama bei ya mkate usio na gluteni katika maduka makubwa ya Ulaya na Marekani hana budi kuvutiwa. Mkate huo huuzwa mara mbili ya ule wa kawaida au zaidi, nao ni mdogo. Lakini anayefikiria kuingiza fedha zake humo anunue mmoja kwanza, aule.

Gluteni ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike ukikandwa na kushika hewa ya hamira. Ikikosekana, kiwanda hulazimika kuchanganya wanga wa muhogo, unga wa mchele, wanga wa viazi, mayai na gundi za chakula ili kupata kitu kinachofanana na mkate. Matokeo hutofautiana sana. Ulio mbaya ni mkavu, humeguka mkononi kabla siagi haijapakwa, na wakati mwingine una tundu la kupitisha kidole. Ulio mzuri hulika, mradi ubanikwe. Kwa kuwa hukauka upesi, mwingi huuzwa ukiwa umegandishwa, na gharama ya kuugandisha imo ndani ya bei.

Nani basi anayerudi kuununua? Si yule anayefuata mtindo. Huyo huonja mara moja akarudi kwenye ngano. Mnunuzi wa kudumu ni mgonjwa wa siliaki, ambaye utumbo wake mwembamba huharibiwa na gluteni ya ngano, shayiri na rai. Hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila mia, na tiba iliyopo ni kuepuka vyakula hivyo maisha yake yote. Kwake, mkate si anasa.

Anacholipia hasa ni maandishi ya kwenye mfuko. Marekani iliamua mwaka 2013 kwamba chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo, na Ulaya inatumia kiwango hichohicho. Imani hiyo ina thamani sokoni: mwaka 2012 kampuni iliyokuja kuitwa Boulder Brands ililipa dola milioni 125 kuinunua Udi's, waoka mikate wa Denver. Mwaka 2016 Boulder yenyewe ikamezwa na Pinnacle Foods, nayo Pinnacle ikaingia mikononi mwa Conagra mwaka 2018. Mwenye mtaji mdogo asidhani anaweza kushindana na wakubwa hao kwa unga peke yake. Wanga wa muhogo wanaununua kwa urahisi, na msafirishaji mkubwa kuliko wote duniani ni Thailand.

Ni kweli kwamba muhogo, mtama, ulezi na mchele hazina gluteni tangu shambani. Hatari iko mashineni. Kinu kilichosaga ngano asubuhi kikisaga muhogo mchana, unga huo umeshachafuka, na miligramu 20 ni kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho. Kuuandika kuwa hauna gluteni ni kumdanganya mgonjwa, hata kama muuzaji hakukusudia. Kwa hiyo mtaji wa kwanza uende kwenye kinu cha peke yake, magunia mapya na vipimo vya maabara. Asiyeweza hayo auze unga wa muhogo kwa jina lake na kwa bei yake ya siku zote.

Pwani, kwa bahati, kuna mkate ambao haujawahi kuiga ngano. Mkate wa kumimina wa Zanzibar hutengenezwa kwa mchele, tui la nazi, sukari na hamira, na mlaji hauulizi kwa nini haufanani na boflo. Hauweki siku nyingi, kwa hiyo hauwezi kusafiri mbali. Lakini hoteli za mji uleule zina wageni wenye siliaki, na mpishi anayetaka kuwauzia atenge sufuria na chujio ambavyo havijagusa unga wa maandazi.