Mpiga picha wa kujitegemea naye ni mfanyakazi

Katika mitaa ya Mwananyamala, Tandale, Mbagala na Tandika liko kundi la wafanyakazi ambalo halimo katika orodha ya mishahara ya mwajiri yeyote, lakini matunda ya kazi yake yanaonekana kila siku. Hao ni wapiga picha, watengenezaji wa filamu fupi, wahariri wa video na waandishi wanaolipwa kwa habari moja moja. Ikifungwa arusi Temeke, wamo. Zikiteremka timu katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wamechutama nyuma ya goli. Kiongozi akizindua zahanati, picha itakayowafikia wananchi magazetini na katika simu zao mara nyingi imepigwa na mmoja wao. Lakini ikifika siku ya malipo, watu hao hao hugeuzwa ombaomba mlangoni mwa aliyewaita kazini.

Jambo hili limevumiliwa kwa muda mrefu kwa sababu limefunikwa na jina zuri. Mtu wa namna hii huitwa "wa kujitegemea". Kujitegemea ni neno zito katika historia ya Taifa hili. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 limebeba maana ya watu wanaoishi kwa jasho na maarifa yao bila kumnyonya mwingine. Halikupata kamwe kuwa na maana ya mtu anayeachiwa agharamie mwenyewe kazi ya mwenzake, pamoja na nauli yake, umeme wake na ugonjwa wake.

Yafaa juma lake la kazi litazamwe, maana wengi wanaomlaumu kwa uvivu hawajapata kuliona.

Jumatatu, mtumishi wa ofisini anapoanza kazi, yeye anaanza kudai. Hupanda daladala Rangi Tatu alfajiri, akateremka mjini na kazi aliyoikamilisha tangu mwezi uliopita, akaketi kwenye benchi la mapokezi. Huambiwa mhasibu yuko semina. Au mwenye kuidhinisha malipo amesafiri. Au fungu limekwisha, asubiri mwaka mpya wa fedha mwezi Julai. Jioni hurudi alikotoka, na hakuna atakayemrudishia nauli ya siku hiyo.

Jumanne na Jumatano hujifungia chumbani kuhariri. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo mlipaji haioni, na kwa kuwa haioni, huidharau. Mtu aliyeona kamera ikizunguka kwa saa sita hudhani amelipia saa sita. Hajui kwamba saa zote hizo zitasikilizwa upya, zitachaguliwa, zitakatwa na kuungwa, rangi na sauti zitasawazishwa, kisha pengine kazi nzima itaanza tena kwa sababu shangazi wa bibi arusi hakuonekana vya kutosha. Kompyuta hula umeme, na umeme hulipiwa kabla haujatumika. Wakati wa mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2023, wengi katika kazi hii waligeuza usiku kuwa mchana, wakavizia saa ambazo taa ziliwaka. Kukamilika kwa mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ni nafuu iliyowafikia hata wao, ingawa mara chache hutajwa wakati wa kuhesabu wenye viwanda.

Jumamosi ndiyo siku kubwa. Huanza asubuhi saluni anakopambwa bibi arusi, ikaendelea kanisani au msikitini, ikapita ufukweni kwa ajili ya picha, na kuishia ukumbini saa saba usiku. Kamera nzuri mara nyingi si mali yake. Ameikodi kwa siku, na ikidondoka ni deni lake. Kijana anayemshikia taa hana budi kulipwa usiku ule ule, kwa sababu naye ana nauli ya kurudi Yombo. Wenye arusi humkaribisha pilau kwa ukarimu wa kweli, na wapo wanaoamini kwamba sahani hiyo ni sehemu ya ujira. Jumapili, asipoitwa ubatizoni au mpirani, hulala.

Sasa ifanywe hesabu. Kukodi vifaa, kumlipa msaidizi, nauli, bando na umeme, vyote vimelipwa kwa fedha taslimu kabla kazi haijakabidhiwa. Ikiwa aliyeagiza kazi atalipa baada ya miezi mitatu, basi kwa miezi mitatu kijana wa Tandika amemkopesha tajiri wa mjini, bila riba, bila dhamana na bila hata kuambiwa ahsante. Hapo lugha ya uungwana haitoshi. Huo ni unyonyaji, na Azimio la Arusha lilikwisha kutamka kwamba mtu anastahili malipo ya haki kwa kazi aliyoifanya.

Dhana kwamba huyu si mfanyakazi ina mizizi yake. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, ambayo ilikusudia kila mwenye nguvu afanye kazi inayotambulika. Nia ilikuwa ni kupambana na uzururaji, lakini katika misako ya Dar es Salaam watu waliojitafutia riziki kwa mikono yao walijikuta wakitakiwa kuonyesha kitambulisho cha mwajiri wasiyekuwa naye. Ikakaa vichwani mwa watu kwamba kazi ni ile yenye mhuri wa ofisi. Na katika miaka hiyo kamera za filamu zenyewe zilikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, kama vile Shirika la Filamu lililoanzishwa mwaka 1968. Televisheni ilikuwa haijaingia Tanzania Bara. Ilikuja mwaka 1994. Tangu hapo vifaa vimeteremka bei na kuingia mitaani, na kazi imehamia vyumbani mwa watu Sinza na Mbagala. Vichwa ndivyo vilivyobaki nyuma.

Wanaodhani kwamba sifa hujaza tumbo wakumbuke filamu za Kiswahili za miaka ya 2000. Baada ya filamu ya "Girlfriend" ya mwaka 2003, Kinondoni na vitongoji vyake viligeuka kuwa karakana ya filamu zilizotazamwa hadi nchi za jirani. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 na kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni, umati uliofurika ulidhihirisha jinsi kazi hiyo ilivyowagusa wananchi. Hata hivyo, mtindo uliotawala biashara hiyo ulikuwa ni mtayarishaji kumwuzia msambazaji filamu yake kwa mkupuo mmoja, na haki zote zikaondoka pamoja na nakala. Filamu ikiuzwa miaka kumi, aliyeitengeneza hakuona tena senti. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999. Ililinda kazi hizo tangu zilipotengenezwa, hata kabla ya kuandikishwa COSOTA. Kilichokosekana ni karatasi ya makubaliano iliyosomwa kabla ya kutiwa sahihi, na mtu mwenye njaa hasomi.

Sheria nyingine isiyosomwa ni ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 61 kinasema kwamba mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo hata hali moja kati ya zilizotajwa humo. Miongoni mwake ni kufanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea mtu huyo kwa riziki, au kupewa naye vifaa vya kazi. Ziko ofisi zinazomtumia mwandishi au mpiga picha mmoja kila siku ya Mungu kwa miaka mitano, zikamwita wa kujitegemea ili zisimchangie hifadhi ya jamii. Waheshimiwa hao wakisome kifungu hicho kabla hawajasomewa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Na isemwe bila kupepesa macho kwamba wachelewaji wa malipo si wafanyabiashara peke yao. Malalamiko yanazihusu pia ofisi za umma, na yako yanayowahusu viongozi wa Chama wanaowaita vijana kupiga picha za ziara na mikutano, kisha wakawaambia wajitolee. Kujitolea ni jambo jema linapotoka moyoni mwa anayejitolea. Likitoka mdomoni mwa anayetaka kazi bure, lina jina jingine.

Kwa upande wao, wapiga picha na waandishi hawa hawawezi kuachwa bila kukosolewa. Wapo wanaopokea malipo ya awali wakazima simu. Wapo wanaochukua picha za wenzao na kuziuza kama zao, halafu wakalalamika wanapoibiwa. Wapo waandishi wanaongojea bahasha kwenye mikutano, na habari wanayoiandika ikafuata unene wa bahasha. Ni kweli kwamba asiyelipwa na mhariri wake hushawishika kulipwa na anayeandikwa, lakini msomaji ndiye anayedhulumiwa. Isitoshe, wengi hawatoi risiti wala kudai hati ya kodi ya zuio ya asilimia 5 wanayokatwa, kwa hiyo mwaka ukiisha hawana ushahidi wa kuipelekea benki.

Serikali imepunguza baadhi ya mizigo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwatoza wenye kurusha habari mtandaoni ada ya leseni ya Sh. 1,000,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kijana wa Manzese hakuweza kukifikia. Marekebisho ya mwaka 2022 yakaishusha hadi Sh. 500,000. Ni hatua nzuri, ingawa nusu ya mlima bado ni kilima. Ithibati ya waandishi chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, nayo inayodai cheti cha masomo, haina budi kwenda pamoja na nafasi za kusoma jioni, vinginevyo watafungiwa nje waliojifunza kazi kwa kuifanya.

Mipango ya mbele basi haiwezi kujengwa juu ya mtu mmoja mmoja. Vijana watano wa Mwananyamala wakijiunga, wanaweza kuiendea halmashauri kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambao sehemu yake ni ya vijana, wakanunua kamera badala ya kuikodi kila Jumamosi. Kundi hilo likiandikishwa, laweza kushindania zabuni, kwa kuwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo. NSSF inawapokea waliojiajiri. Mwenye kuanguka na kuvunjika mkono wa kushikia kamera leo hana pa kushika. Akiwa amechangia kidogo kidogo, atakuwa napo. Wanaojua kuhariri picha wakajifunze na kuhariri daftari la hesabu.

Kwa wenye kuagiza kazi, ofisi za umma zikitangulia, madai ni machache nayo hayahitaji sheria mpya. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja. Yataje kazi, tarehe, kiasi, na ni nani atakayemiliki picha. Nusu ya malipo itolewe kabla kamera haijawashwa, na salio lilipwe katika siku 30 baada ya kazi kukabidhiwa, awe mhasibu yuko semina au hayuko. Kila mwaka, mwishoni mwa Juni, Maonyesho ya Sabasaba hufunguliwa katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, Temeke, na kwa zaidi ya majuma mawili mabanda huwaita wapiga picha wa mitaa ya jirani kuanzia asubuhi hadi usiku. Taasisi zinazoshiriki zinayo nafasi ya kuandaa karatasi hizo sasa, kabla ya kupaka mabanda rangi.