Sala si Uvivu

Wapo wenzetu wasemao kwamba kumwomba Mungu wakati wa shida ni kazi ya wavivu. Mimi sikubali. Mwezi wa Machi 2020, shule za Tanzania zilipofungwa kwa ajili ya Korona, babu yangu aliugua kifua. Majirani waliogopa hata kubisha hodi. Kila alfajiri bibi alisali, kisha akanawa mikono, akapika uji, akamlisha. Babu alifariki. Nikamwuliza bibi, "Sala zetu zimefaa nini?" Akajibu, "Mjukuu wangu, mimi sikuomba asife. Niliomba nisimkimbie." Tarehe 29 Juni tulirudi shuleni. Tangu siku hizo nasali kabla ya mtihani, lakini kwanza nasoma. Basi tuombe, na mikono ifanye kazi.